Kumbe, eti na nia: Vitenzi vinavyobeba mali na ahadi mpakani Ruhwa

MCHUUZI aliyepakia matenga ya nyanya alfajiri anaweza kuletewa habari moja kwa namna tatu. Wa kwanza atamwambia, "Mpaka umefungwa." Wa pili atasema, "Eti mpaka umefungwa." Wa tatu atarudi na jasho usoni akisema, "Kumbe mpaka umefungwa!"

Kwa asiyejali lugha, hizo ni sentensi moja. Kwa mwenye nyanya, ni habari tatu tofauti na kila moja ina gharama yake. Anayesema "mpaka umefungwa" anadai kwamba anajua. Anayesema "eti" amesikia kwa watu, hajaona, na huenda mwenyewe haamini sana. Anayesema "kumbe" amefika, amekuta geti limefungwa, na hakutarajia kabisa. Wa kwanza unaweza kumtegemea kama unamfahamu. Wa pili unampigia simu mtu mwingine kabla ya kushusha mzigo. Wa tatu hana tena la kuuliza: unatafuta mnunuzi wa karibu kabla nyanya hazijaoza.

Watu wa Ruhwa, tarafani Bugarama wilayani Rusizi, hawahitaji kufundishwa jambo hilo darasani. Mto Ruhwa ndio unaotenganisha Rwanda na Burundi katika sehemu hii, na pale unapoingia katika Mto Rusizi ndipo nchi tatu zinapokutana: Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtu wa hapa hukua akisikia Kinyarwanda, Kirundi, na Kiswahili cha upande wa Uvira na Bukavu, na Kifaransa cha ofisini juu yake. Habari za mpaka kufunguliwa na kufungwa nazo si ngeni. Januari 2024, kwa mfano, Serikali ya Burundi ilitangaza kufunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na siku kama hizo "eti" huwa nyingi kuliko magari barabarani.

Makala haya yanaangalia jambo dogo lenye uzito mkubwa: jinsi kitenzi, au neno linaloandamana nacho, linavyoonyesha kama mtu alikusudia alichofanya, au kama jambo lilimshangaza. Ili kuliona vizuri, tutaanza mbali kidogo, kwa watu waliokaa mezani na kuunda lugha mpya kabisa.

Lugha zilizoundwa mezani

Lugha nyingi duniani hazina mwenyewe. Hakuna aliyekaa siku moja akaamua kwamba Kinyarwanda kiwe na "ngo" au Kiswahili kiwe na "kumbe." Lakini zipo lugha ambazo zina mtunzi anayejulikana kwa jina na mwaka. Faida yake kwetu ni kwamba mtunzi hulazimika kuamua kila kitu waziwazi: kitenzi kibebe nini na kiache nini. Ni kama fundi anayejenga nyumba mpya. Ukimwangalia anapoweka milango, unaanza kuitambua milango ya nyumba yako mwenyewe.

Lugha maarufu zaidi ya namna hiyo ni Kiesperanto. Mtunzi wake, L. L. Zamenhof, alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, ambao leo uko Poland na wakati huo ulikuwa chini ya Urusi. Ulikuwa mji wa mchanganyiko. Wayahudi, Wapolandi, Warusi, Wajerumani na Wabelarusi walikaa mtaa kwa mtaa, kila kundi na lugha yake, na mara nyingi kila kundi na chuki yake. Zamenhof aliamini kwamba kutoelewana kwa lugha kulichochea uhasama huo. Mwaka 1887 akachapisha kitabu chake cha kwanza cha lugha mpya mjini Warsaw. Mtu wa Bugarama hatashangaa kwamba wazo kama hilo lilimjia mtoto wa mji wenye lugha nyingi.

Kiesperanto hakikushinda dunia kama alivyotumaini, lakini hakikufa. Agosti 2024 wazungumzaji wake walifanya mkutano wao mkuu wa dunia mjini Arusha, Tanzania. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa aina hiyo kufanyika katika ardhi ya Afrika tangu ule wa mwanzo kabisa uliofanyika Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, mwaka 1905.

Kitenzi cha Kiesperanto ni chepesi. Kikiishia na -is ni wakati uliopita, -as ni sasa, -os ni wakati ujao, na -us ni jambo ambalo lingekuwa. Halafu kuna -u, ambayo ndiyo inayotuhusu. Hiyo ni alama ya utashi: amri, ombi, kusudio, jambo ambalo mtu anataka litokee. "Li venos" maana yake "atakuja." "Li venu" maana yake "na aje." Ukitaka kusema "ili aje" unasema "por ke li venu."

Msomaji ameshaona tulipofika. Hiyo -u ya Zamenhof inafanya kazi ile ile ya -e yetu katika "aje," "anunue," "alipe." "Atalipa" ni habari ya siku zijazo, na "alipe" ni nia ya mtu fulani kwamba malipo yafanyike.

Kwa upande wa mshangao, Zamenhof hakuweka alama kamili katika kitenzi. Aliweka kiambishi ek- kinachoonyesha jambo lililoanza ghafla. "Li kriis" ni "alipiga kelele," na "li ekkriis" ni "ghafla akapaza sauti." Hapo anayeshtuliwa na ghafla hiyo hatajwi. Kazi ya "kumbe" imeachwa kwa maneno mengine.

Nia ndani ya kitenzi

Watunzi waliokuja baadaye walikwenda mbali zaidi. Marc Okrand, mtaalamu wa lugha wa Marekani, alitengeneza lugha ya Kiklingon kwa ajili ya filamu ya Star Trek iliyotoka mwaka 1984, na kamusi yake ikachapishwa mwaka uliofuata. Waklingon wa katika filamu ni watu wa vita, na kwao swali la kwanza kuhusu tendo lolote ni kama lilikusudiwa.

Kwa hiyo Okrand aliwapa viambishi viwili vya jambo lililokwisha. Cha kwanza, -pu', kinasema tu kwamba jambo limekwisha kutendeka. Cha pili, -ta', kinasema kwamba mtu alidhamiria kulitenda na akalitimiza. "vISuqpu'" ni "nimekipata," bila kueleza zaidi. "vISuqta'" ni "nimekipata, nami nilikuwa nakitafuta." Kiambishi hicho cha pili hakifai kwa jambo lililotokea kwa bahati mbaya.

Vivyo hivyo kwa jambo linaloendelea. Kiambishi -taH kinasema jambo linaendelea, na -lI' kinasema linaendelea kuelekea mwisho unaojulikana. Kitu kinachokaribia bila kujulikana kinakokwenda hupewa cha kwanza, na kinachokaribia shabaha yake hupewa cha pili. Kwa mfano wa hapa kwetu, ni tofauti kati ya lori linalopita tu barabarani na lori linalokuja kushusha mzigo wako.

Mtaalamu mwingine wa Marekani, Paul Frommer, aliunda lugha ya Kina'vi kwa filamu ya Avatar ya James Cameron iliyotoka mwishoni mwa 2009. Yeye alipachika viambishi vyake katikati ya kitenzi. "Taron" ni kuwinda. Ukipachika -ay- unapata "tayaron," yaani atawinda. Ukipachika -asy- unapata "tasyaron," na hapo umesema kwamba mwindaji ameazimia kuwinda na anatia nia yake katika maneno. Kwa mshangao, Kina'vi kina neno dogo "nang" linalowekwa mwishoni mwa sentensi, kama ambavyo sisi tunatanguliza "kumbe" mwanzoni.

Hebu fikiria mdaiwa wako angelazimika kuchagua kati ya -ay- na -asy- kila anapokuahidi. Akisema kwa -ay-, unajua malipo ni jambo linalotazamiwa tu. Akisema kwa -asy-, ameweka nadhiri mbele ya mashahidi. Kiswahili kinamruhusu aseme "nitakulipa" na kubaki salama pande zote mbili.

Waturuki na "mpaka umefungwa"

Lakini hatuna haja ya kwenda kwenye filamu ili kupata kitenzi kinachobeba mshangao. Zipo lugha za kawaida, zinazosemwa sokoni na mamilioni ya watu, zenye jambo hilo.

Kituruki ndicho mfano unaotajwa mara nyingi. Mturuki aliyeona kwa macho yake mpaka ukifungwa atasema "Sınır kapandı." Kama hakuona, bali amesikia kwa watu, au ameona dalili, au amefika akakuta umefungwa bila kutarajia, atasema "Sınır kapanmış." Kile kiambishi -mış kinabeba "eti" na "kumbe" kwa pamoja. Anayesikiliza hutumia mazingira kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Inaonekana ajabu kwamba maneno tunayoyatenganisha yakae katika kiambishi kimoja. Lakini ukifikiri, yana asili moja. Aliyesikia kwa watu na aliyekuta ghafla wote hawakuwapo jambo lilipotokea, na habari imewafikia ikiwa tayari imeiva. Ndiyo maana Kituruki kinawaweka upande mmoja, na shahidi aliyeona kinamweka upande wa pili.

Wataalamu wa lugha walichelewa kulipa jambo hili nafasi yake. Mwaka 1997 Scott DeLancey wa Marekani aliandika makala akieleza kwamba kuonyesha habari isiyotarajiwa ni kazi ya kisarufi inayojitegemea, kama vile kuonyesha wakati au hali. Kabla ya hapo wengi walilichanganya na habari za kusikia. Baada yake mjadala ukawa mrefu, na hadi leo wapo wanaokubali na wanaobisha.

Kiswahili kinaficha wapi nia?

Turudi nyumbani. Kiswahili hakina kiambishi cha "kumbe," lakini kuhusu nia kitenzi chetu kina mengi kuliko tunavyodhani.

La kwanza ni ile -e iliyotajwa. "Nimekuja nikakuona" ni mambo mawili yaliyofuatana. "Nimekuja nikuone" ni safari iliyokuwa na kusudi. Herufi chache zimebadilika, na mgeni wa bahati amekuwa mgeni wa makusudi. Hata nia iliyoshindwa ina umbo lake: "Nilikuwa nije jana" maana yake niliazimia kuja na sikuja. Wanaodai wanaifahamu sana sentensi hiyo.

La pili ni -ji-. "Ameanguka" ni ajali. "Amejiangusha" ni hila, na mchezaji mpira aliyejiangusha ndani ya eneo la penalti anastahili kadi. Lakini -ji- nayo ina ujanja wake. "Amejikwaa" si makusudi hata kidogo. Na "amejikuta" ni neno la mshangao kabisa: aliyejikuta upande wa pili wa mpaka usiku hakupanga kufika huko, au angalau ndivyo anavyotaka tuamini.

La tatu, na lenye hasara kubwa zaidi, ni kile kiishio cha -ika na -eka. Kreti ya soda imeshushwa na chupa tatu hazifai tena. Mpakuzi anasema, "Chupa zimevunjika." Mwenye mali anasema, "Umevunja chupa zangu." Tukio ni moja, lakini katika sentensi ya mpakuzi hakuna mtu: chupa zimevunjika, kama vile jua linavyozama. Katika sentensi ya mwenye mali yupo mtu, na mtu huyo ana mfuko wa kulipia. Akitokea wa tatu akasema "zimevunjwa," amekubali kwamba yupo aliyevunja, ila hamtaji.

Kinyarwanda na Kirundi vina mlango huo huo: kumena ni kuvunja, kumeneka ni kuvunjika. Kwa hiyo ugomvi wa chupa unaweza kuvuka daraja la Ruhwa bila kupoteza hata chembe ya ukali wake.

Angalia pia mbele ya afisa wa forodha. "Mzigo huu haukuandikwa" ni hali ya mzigo. "Sikuuandikisha" ni tendo la mwenye mzigo. "Nimesahau kuuandikisha" ni kosa lisilo na nia. Mtu anayetumia Kiswahili kama lugha ya tatu anaweza kuchukua ile sentensi iliyo karibu na mdomo wake, na sentensi hiyo ikamweka mahali ambapo hakuwa. Mahakama zinalijua jambo hili, ndiyo maana haziachii kitenzi peke yake, bali zinasema waziwazi: kuua kwa kukusudia, kuua bila kukusudia. Mchuuzi naye anaweza kufanya hivyo hivyo. Akiongeza "kwa bahati mbaya" au "sikukusudia," amejilinda kuliko kutegemea kiambishi.

Na tusisahau kwamba neno la nia lenyewe linaweza kukaa bila nia. Tunasema "mvua inataka kunyesha," na mvua haitaki chochote. Tunasema "ukuta unataka kuanguka," na hakuna anayeuliza ukuta una kisa gani.

Inafaa kukumbuka kwamba hata Kiswahili sanifu tunachokiandika kilipitia mezani kwa kiasi fulani. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wake, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kuisimamia. Kamati ilipanga tahajia, ikapitisha vitabu na kuandaa kamusi. "Kumbe" na "eti" haikuzitunga. Hizo ilizikuta midomoni mwa watu.

Ejo ni jana au kesho?

Sasa tuvuke tuingie katika lugha mbili za jirani ambazo wasemaji wake husikilizana bila mkalimani, na ambazo kwa sababu hiyo hasa zinaweza kumponza mtu.

Kiswahili kinasema "nitakuja," na msikilizaji hajui kama ni leo saa kumi au mwezi ujao. Kinyarwanda kinachagua. "Ndaza" ni ninakuja, au nitakuja leo hii. "Nzaza" ni nitakuja siku nyingine, kuanzia kesho na kuendelea. Kirundi nacho kina "ndaza," ila kwa siku zijazo kinasema "nzoza." Tofauti ya -za- na -zo- ndiyo inayomtambulisha mtu ametoka ng'ambo ipi kabla hajaonyesha kitambulisho.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mnyarwanda anayekuambia "ndakwishyura" amekuahidi fedha zako kabla ya siku kwisha. Akikuambia "nzakwishyura," usikae kituoni kumsubiri. Mtu aliyekulia Tanzania au upande wa Kongo, ambaye kichwani mwake yote mawili ni "nitakulipa," anaweza kungoja hadi giza liingie na kurudi nyumbani akisema amedanganywa. Hakudanganywa. Kitenzi kilimwambia asingoje.

Halafu kuna "ejo." Katika Kinyarwanda na Kirundi, neno hilo ni jana na ni kesho pia. Kinachoamua ni kitenzi: "Naje ejo" ni nilikuja jana, na "Nzaza ejo" ni nitakuja kesho. Kwa hiyo karatasi ya deni iliyoandikwa "mchele, magunia mawili, ejo" haina maana hadi kitenzi kiandikwe. Imelipwa jana, au italipwa kesho? Hilo si jambo la kuamuliwa na wanaopigiana kelele sokoni.

Kwa mshangao, lugha hizi mbili zina mtego mmoja mzuri: neno "mbega." Kwa Mnyarwanda, "mbega" ni neno la kustaajabu. "Mbega umwana!" maana yake ni ajabu iliyoje mtoto huyu. Kwa Mrundi, "mbega" hufungua swali. "Mbega urakomeye?" maana yake je, u mzima? Mnyarwanda akitaka kuuliza namna hiyo hutumia "ese." Hivyo Mrundi anayeuliza bei kwa adabu na kuanza na "mbega" anaweza kusikika kwa sikio lisilozoea kama mtu anayeshangaa jinsi bei ilivyo kubwa. Muuzaji anaanza kujitetea kabla hajashambuliwa.

Kinyarwanda kina "burya" pia, ambayo ni ndugu wa karibu wa "kumbe." Mtu unayemdhania mwingine akigeuka ukamtambua, utasema "Burya ni wowe!" yaani kumbe ni wewe. Na kina "ngo," inayofanya kazi ya kuleta maneno ya watu, karibu na "eti." "Ngo yagiye" ni wanasema amekwenda. Msemaji haweki mkono wake pale.

Cha kupendeza ni kwamba "ngo" hiyo hiyo inakaa pia ndani ya usemi wa nia. "Naje kugira ngo ngure umuceri" maana yake nimekuja ili ninunue mchele. Ni kana kwamba mwenye nia amejisemea moyoni maneno yake mwenyewe na sasa anayaleta kwako. Msikilizaji makini hutofautisha: "ngo" ya maneno ya watu ni ya kuthibitishwa, na "kugira ngo" ya nia ni ya kumuuliza mwenyewe.

Waliorejea na kitenzi chao

Wapo wasomaji ambao mambo haya kwao si ya biashara. Wilaya ya Rusizi, ambayo kabla ya mabadiliko ya mipaka ya utawala ya mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, imepokea watu waliorudi kwa mawimbi. Baada ya 1994 walirudi waliokuwa wameishi uhamishoni miongo mingi Burundi, Kongo, Uganda na Tanzania. Mwishoni mwa 1996 yakafuata makundi makubwa kutoka kambi za Kongo na Tanzania. Mwaka 2015 njia ikageuka, na Warundi wengi wakaikimbilia Rwanda. Kila wimbi lilikuja na lugha lililojifunza njiani.

Kwa watu hao Kinyarwanda kina kitenzi ambacho Kiswahili hakina. Kukimbia hatari ni "guhunga." Kurudi kutoka uhamishoni ni "guhunguka." Wenye Kiswahili wataitambua mbinu hiyo, kwa sababu ndiyo inayogeuza funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua. Kitenzi kinapinduliwa ili tendo la kwanza litanguliwe. Kwa hiyo aliyehunguka ameutangua ukimbizi wenyewe, na huko ni zaidi ya kufika. Kiswahili hakijui "kukimbua." Kinasema kurudi au kurejea, maneno yale yale anayotumia aliyekwenda kununua chumvi dukani.

Tofauti hiyo ina uzito mbele ya meza ya usajili. Mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, akiulizwa atajibu kwa ukweli kabisa, "Nimekuja Rwanda na mama." Hajawahi kuiona Rwanda, kwa hiyo kwake ni kuja. Mama yake atasema, "Nimerudi." Anayeandika akiwa hajali, katika familia moja ataandika mgeni mmoja na mwenyeji mmoja. Vilevile kuna umbali kati ya "nimekuja kukaa," ambayo ni nia, na "nimekuja nikakaa," ambayo ni habari ya yaliyotokea. Mkalimani anayetafsiri yote kwa sentensi moja ya Kifaransa au Kiingereza amempunguzia mtu jibu lake.

Haya yanazidi kuhitaji uangalifu kwa kuwa Kiswahili kinaongezewa kazi. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Februari 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kongo nayo ikajiunga na Jumuiya mwaka 2022. Lugha ya soko imeingia katika fomu, na fomu haisikii sauti ya mtu wala kuuona uso wake. Mshangao wa "kumbe" na shaka ya "eti" husikika vizuri mdomoni, lakini mara nyingi mwandishi wa ripoti ndiyo maneno anayoyakata kwanza, akidhani ni mapambo.

Mambo ya kushika

Kwa hiyo mfanyabiashara na aliyerejea wafanye nini? Yapo machache yasiyohitaji shule.

Kwanza, ukiletewa habari ya mpaka, bei au kodi mpya, uliza swali ambalo Mturuki hana haja ya kuuliza: "Umeona au umesikia?" Kama kasikia, uliza kwa nani.

Pili, deni liandikwe kwa tarehe. "Nitalipa," "nzakwishyura" na "ejo" yabaki kuwa maneno ya salamu. Tarehe haina wakati uliopita wala ujao wa kugombania.

Tatu, mali ikiharibika, kabla ya kujadili nani alipe, kubalianeni kwanza juu ya kitenzi. Zimevunjika, au zimevunjwa? Watu wawili wanaweza kubishana saa nzima kumbe kila mmoja anajibu swali lake.

Nne, ukiwa mbele ya afisa na lugha si yako, sema nia yako kwa maneno kamili: nimekuja ili nifanye hili, jambo lile lilitokea bila mimi kukusudia. Kisha omba usomewe kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi. Kama ulisema "eti" na imeandikwa kana kwamba uliona mwenyewe, iambie kalamu irudi nyuma. Ukishatia sahihi, ile "nimesikia" yako imekuwa "nimeshuhudia," na utaulizwa ulikuwa umesimama wapi.